Folda ya Mabirika Mawili

4 Februari

Mdogo wangu Sindano,

“Aikoni ni pambo tu, Kaka. Kazi haimo kwenye picha, imo ndani ya programu.”

Hayo ni maneno yako ya juzi kwenye simu, nimeyanukuu kabla hujayakana. Nayajibu kwa karatasi kwa sababu ndiyo sheria ya nyumba yetu. Mama alikataza ndugu kugombana kwa mdomo. Anayetaka ugomvi atafute kalamu kwanza, na akiipata atafute mahali pa kukaa. Watoto wa majirani walirushiana viatu. Sisi tulisukumiana karatasi chini ya mlango. Wewe ulikua ukaacha. Mimi ikawa ndiyo kazi, na sasa gazeti linanilipa nigombane na watu nisiowajua.

Tuje kwenye hoja. Kama picha ni pambo, mbona chumvi na sukari huziweki kwenye makopo yanayofanana? Mlango wa msalani na mlango wa stoo yote ni mbao na bawaba. Ipake rangi moja, ibandike vikaratasi vyenye maandishi madogo, kisha uamke umebanwa, halafu uniambie habari za pambo. Kazi imo ndani, nakubali. Lakini hakuna aingiaye ndani bila mlango, na mlango wa kompyuta ni ile picha.

Unasema kompyuta ya duka letu la uchapaji imekufa, umenunua mpya, na zile aikoni alizochora Mama hukuzihamisha. Ulilisema hilo kwa sauti ya mtu anayemwaga maganda.

Wewe ulikuwa mdogo siku ile mashine ya kwanza ilipoingia dukani, ngoja nikukumbushe. Baba alikuwa amepanga herufi za risasi za kuchapia maisha yake yote, anazisoma kinyumenyume kama wewe unavyosoma hizi. Mama alikuwa mchora vibao. Nusu ya maduka ya mtaa ule yaliitwa majina yaliyotoka kwenye brashi yake. Yule fundi aliyeleta kompyuta akaiwasha, Mama akainama, akatazama vile vijipicha kwa muda, akauliza ni nani aliyevichora. Fundi akasema vinakuja na mashine. Mama akamwambia, “Basi virudi nayo.”

Alipogundua kwamba kila aikoni ni vijisanduku tu vilivyotiwa rangi, kama kitambaa cha kudarizi, hakulala tena kwa raha. Alichukua daftari lako la hesabu lenye mistari ya miraba akapanga humo kwanza, penseli mkononi, ncha ya ulimi imetoka pembeni mwa mdomo. Folda ya harusi akaivisha mabirika mawili yaliyogusana midomo. Folda ya misiba ikawa mlango uliofungwa. Kazi za shule zikawa kipande cha chaki, na mihuri ikawa kisigino cha kiatu. Kikokotoo kikapata sura ya mjomba, midomo imebanwa, maana mjomba alijua kujumlisha kuliko kutoa. Na pipa la taka akalifanya mbuzi. Likiwa tupu, mbuzi amekonda, likijaa, amenona. Nilipomuuliza kwa nini mbuzi, alisema mbuzi hula kila kitu, ila ukimwahi unaweza kukivuta kikatoka.

Mtu akikuonyesha pambo lenye akili kuliko hiyo, niandikie jina lake nimsalimie.

Zirudishe, Sindano. Kila moja mahali pake.

Kaka yako,
Pilipili


13 Februari

Kaka,

Shikamoo. Nimeiandika kwa sababu nimelelewa, si kwa sababu umeistahili.

Barua yako tumeisomea kaunta. Karani wangu mpya alicheka alipofika kwa mbuzi, mimi nikacheka kwa mjomba, kisha tukarudi kazini, kitu ambacho katika kurasa zako zote hukukigusa. Huyu karani ni mama mtu mzima, ameshakaa ofisi nyingi. Siku yake ya kwanza mashine ile ya zamani ilikuwa bado hai. Nikamwambia afungue kikokotoo. Akauliza kiko wapi. Nikamwambia bofya mjomba. Alinitazama, akaitazama skrini, akaniuliza kwa upole kama kompyuta ina virusi.

Duka hili linaingia wateja, Kaka. Wanakaa kwenye kile kiti cha pembeni wanaangalia kazi zao zikifunguliwa. Mteja aliyefiwa hataki kuona mbuzi aliyenona. Kila aikoni ya mashine mpya inafahamika na mtu yeyote aliyewahi kugusa kompyuta. Karani akiugua, nachukua mwingine asubuhi hiyo hiyo na kazi inaendelea. Hilo kwangu ndilo duka. Hilo lako ni jumba la makumbusho lenye mlinzi mmoja asiyelipwa, ambaye ni mimi.

Na nikuambie jingine. Wewe unazipenda zile picha kwa sababu huzifungui. Huko uliko, Mama anakujia ukitaka, ukiwa umekaa vizuri, na chai pembeni. Kwangu yupo kwenye kikombe kilichovunjika mkono ambacho hakuna anayethubutu kukitupa. Yupo kwenye madoa ya rangi mlangoni. Tangu tumzike mwaka juzi sijapata asubuhi moja ya kufungua duka peke yangu. Nilitaka skrini tu. Skrini moja ambayo hanitazami.

Baba hajambo. Anakuja alasiri kama kawaida, anachapa kazi zilizokwisha pangwa, anapiga soga na wateja. Anakusalimu.

Mdogo wako,
Sindano


2 Machi

Sindano,

Nilitaka kukujibu kwa ukali, nikazuiwa na ile aya yako ya kikombe. Niliisoma, nikaikunja, nikaenda kutembea. Ulikuwa na haki ya kuiandika na sitaibishia.

Lakini sasa shangazi kanipigia. Anasema Baba hajakanyaga dukani wiki mbili. Anasema kila alasiri humkuta barazani kwake, amevaa viatu vya kazi vilivyong’arishwa, amekaa kwenye kiti kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Alipomuuliza kulikoni, Baba akasema anapumzika kwa amri ya serikali. Serikali ni nani? Shangazi hakujua. Mimi najua.

Umeniandikia kwamba hajambo. Labda siku ile ilikuwa kweli. Nieleze kimetokea nini baada ya hapo, na usinieleze kwa kunilinda. Huyo mzee amefanya kazi tangu kabla mimi sijaota meno. Ukimnyima duka umemnyima miguu.

Nasubiri.

Pilipili


9 Machi

Kaka,

Shikamoo. Serikali inajibu.

Siku chache baada ya barua yangu tulikuwa na kazi mbili mezani. Moja ilikuwa kadi za harusi, karatasi nzito yenye ukingo wa dhahabu na utepe. Nyingine ilikuwa tangazo la msiba wa mzee mmoja, mwalimu mstaafu. Zote nilikuwa nimezipanga, nimezihakiki, kila moja iko kwenye folda yake. Nilitoka kwenda kununua wino. Karani alikuwa na mteja. Baba akasema, acheni, kadi nitazichapa mimi. Tayari karatasi ya dhahabu ilikuwa ndani ya printa.

Akafungua folda ya misiba.

Alichapa zote, Kaka. Akazikata, akazifunga utepe mmoja mmoja kwa vidole vyake, akazipanga kwenye boksi kwa uzuri ambao mimi siuwezi. Shangazi wa bibi harusi akaja, akalichukua, akaenda kulifungua nyumbani mbele ya wanawake wa familia nzima. Kadi ya dhahabu, utepe mwekundu, na ndani: familia inasikitika kutangaza kifo.

Alirudi nalo kabla ya jua kuzama. Hakupiga kelele, ningemshukuru angepiga. Alilitua boksi kaunta akasema, “Mmetuzikia mtoto.” Nilikuwa nimesharudi. Nikaichukua kadi moja, nikampa Baba. Akaishika, akaigeuzageuza kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba ukingoni. Kisha akasema, “Karatasi ni nzuri.”

Hayo tu. Karatasi ni nzuri.

Wewe unamkumbuka Baba yule aliyeona nukta iliyogeuka kutoka upande wa pili wa chumba. Alishika tangazo la kifo lililofungwa utepe wa harusi, akasifu karatasi. Nilimpeleka nyumbani mwenyewe. Njiani nilimuuliza leo ni siku gani, akanijibu. Nikamuuliza jina la mama yake, akanijibu, akaniuliza kama nimeajiriwa polisi. Lakini mambo haya huanza hivyo, kidogo kidogo, na siku nyingine mtu ana nafuu. Nimesoma. Ufunguo wake wa duka nimeuchukua. Sikukuandikia kwa sababu nikiandika inakuwa kweli.

Kadi tulizirudia bure, usiku kucha. Jina la duka sijui kama linarudiwa.

Sindano


15 Machi

Sindano,

Pole. Pole sana, na ninalisema kabla ya kuanza kukupinga, maana nitakupinga.

“Nimesoma.” Umesoma nini? Umesoma kwamba mzee akikosea folda, akili yake imeondoka? Basi nipe jina la daktari aliyeandika hivyo nimfuate kwake na begi langu la kalamu. Mimi pia nimesoma, na sehemu kubwa ya nilichosoma ni vitabu vya watu waliotangaza wenzao wana wazimu kwa sababu ya kuhamishiwa nyumba bila kuambiwa.

Hebu tazama ulichofanya. Miaka yote Baba alifungua harusi kwa kubofya mabirika. Misiba ilikuwa mlango. Wewe ukaja na mashine ambayo folda zote ni za njano, zimejipanga kama askari wa gwaride, zinatofautiana kwa neno moja dogo chini yake. Umemhamishia mzee milango yote usiku, ukaipaka rangi moja, halafu asubuhi alipoingia stoo akidhani ni msalani ukasema kachanganyikiwa. Aliyechanganya ni nani?

“Karatasi ni nzuri” ni neno la mtu aliyeaibika mbele ya mteja, hana la kusema. Wewe mwenyewe siku ulipovunja kioo cha dirisha la jirani ulimwambia kwamba hali ya hewa imetulia.

Nakutaka ufanye jaribio moja. Diski ya mashine ya zamani unayo, hukuitupa, nakujua. Toa humo faili za picha. Bofya kulia kila folda, ingia kwenye sifa zake, badilisha aikoni, weka ya Mama. Na zipange pale pale zilipokuwa: harusi kona ya juu, misiba chini kabisa, mbuzi peke yake. Kisha mwite Baba umkalishe, umwambie afungue harusi. Akishindwa, nitanyamaza, na unajua ni mara ngapi hilo limetokea.

Akifaulu, umrudishie ufunguo.

Pilipili


24 Machi

Kaka,

Shikamoo.

Nimekutii. Jumamosi baada ya kufunga niliketi na ile diski. Nilidhani nitalia nikiona mabirika, nikalia kwa kisigino cha kiatu, usiniulize kwa nini. Karani alibaki kunisaidia. Aliposikia hadithi ya mjomba yote, akaomba kikokotoo abadilishe yeye.

Jumapili nilimleta Baba. Alikaa, akashika kipanya, nikamwambia afungue harusi. Mkono wake ulikwenda moja kwa moja. Misiba, moja kwa moja. Mihuri, shule, vilevile. Nikamwona amekaa wima kama zamani na nikasema moyoni, haya, Pilipili kashinda, tutamwambiaje tusimvimbishe kichwa.

Kisha nikafungua kadi ile ile ya harusi, nikaikuza ikajaa nusu ya skrini, nikamwomba anisomee mstari wa kwanza tu. Akasema koo lake limekauka, nisome mimi. Nikamletea maji. Akanywa, akasema maji ni baridi. Nikamwomba tena. Akainuka, akavaa kofia yake, akasema anakwenda kumwona shangazi.

Kwa hiyo umeshinda nusu, Kaka, na hiyo nusu nyingine inanitisha kuliko mwanzo. Mtu anakumbuka mabirika ya mkewe aliyekufa, ila amesahau kusoma. Mpanga herufi. Naomba uje. Sikuombi kwa hoja.

Sindano


28 Machi

Wanangu wawili, mkubwa na mdogo,

Barua hii anaiandika karani wa dukani, ambaye nimemfuata kwake kwa miguu. Maneno ni yangu. Koma ni zake, maana nilipompa zangu alisema ni nyingi.

Mdogo amenisomea barua za mkubwa zote, na zake akanisimulia. Nilimlazimisha. Nilisikiliza mkinigombania kama ng’ombe mnadani, nikaona ni afadhali ng’ombe naye aseme.

Akili yangu ni nzima. Kilichokwenda ni macho.

Yalianza siku za mwisho za herufi za risasi. Katikati ya kila ninachokitazama pamekaa kiwingu, pembeni naona. Nikikutazama usoni naona masikio yako. Herufi za risasi hazikunisumbua, nilizisoma kwa kidole. Hata kompyuta ilipokuja niliipapasa kwanza, nikakuta kioo. Hakina kitu cha kushika.

Folda zote zilikuwa za njano. Nikakosea, nikacheka. Nikakosea tena, nikasingizia kipanya. Mama yenu alikuwa akipaka kibao pale nyuma, wala hakugeuka. Siku moja nikakuta folda ya harusi imevaa mabirika. Nikamuuliza ni nini hiki. Akasema, “Nimezichoka hizo za njano.” Nikasema mabirika yamekaa vizuri. Nikajua amejua. Naye akajua kwamba nimejua. Tukanywa chai.

Hatukuizungumzia tena mpaka anafariki. Nyie mlidhani anafanya mchezo, na mkubwa nasikia unaita sanaa. Mama yenu alikuwa mchora vibao. Kazi yake ilikuwa kuchora kitu kikaeleweka na mtu aliye mbali na mwenye haraka. Mimi ndiye niliyekuwa mtu huyo, nimeketi hapo hapo karibu naye. Kila kazi alinisomea kwa sauti kabla haijachapwa, na nyinyi mkasema anapenda kusikia sauti yake mwenyewe. Alipoondoka, mdogo akawa anasoma kimya kimya. Ni haki yake. Hakuna aliyemwambia.

Mbuzi hakuwa wangu. Aliyekonda na aliyenona kwangu ni doa moja. Huyo aliwachorea nyie.

Kwa nini sikusema? Mpanga herufi asiyeona herufi atajitambulisha kuwa nani? Niliona heri mseme akili imeyumba. Kuyumba humpata yeyote. Karani, hiyo ifute.

(Sikuifuta. Karani.)

Yule shangazi wa bibi harusi nimemwendea nikamweleza mwenyewe. Alinisikiliza, kisha akanipa mkono, akanifikisha mpaka barabarani. Alinishika kiwiko kama kizee. Hicho ndicho nilichokuwa nakikimbia, na kumbe hakiumi sana.

Nataka ufunguo wangu.

Baba yenu


11 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Ulikuja, ukala, ukabishana na daktari wa macho, ukaondoka, na nyumba imekuwa kubwa ghafla. Alichotuambia daktari unakijua: kilichokwenda hakirudi, kilichobaki kitunzwe. Baba anarudia maneno hayo kwa kila mteja kana kwamba ameyatunga yeye.

Ufunguo anao. Anakuja alasiri. Karani anamsomea kila kazi, na Baba anainamisha kichwa upande mmoja kama alivyokuwa, anasema hapo pumzika, hapo kata. Jana alikuta kosa ambalo mimi nililipita mara tatu. Karani alinitazama tu. Ni tabia yake, utaizoea.

Lakini kuna jambo limenikwama, na nakuandikia kwa sababu limo katika ugomvi wetu.

Tulikaa naye mbele ya skrini, nikamuuliza ukweli, moja baada ya nyingine, anaona nini. Mabirika hayaoni tena, Kaka. Siku ile ya jaribio alifungua kwa mahali yalipo, si kwa sura. Anasema sasa ni ukungu wa kijivu, na mlango wa misiba nao ni ukungu wa kijivu. Nikisogeza moja kidogo, amepotea. Macho yameteremka tangu Mama azichore zile picha, na Mama hayupo wa kuyafuata yanakoteremka.

Anataka harusi iwe duara jekundu linalojaza mraba wote. Misiba, mraba mweusi. Shule, mstari mweupe wa mshazari juu ya kijani. Hataki kitu kingine ndani yake. Nimejaribu kuchora. Ile ya mashine ya kukatia karatasi karani alisema ni kiazi. Baba akasema aniache, anakiona vizuri sana, kisha akaenda kufungua kingine.

Nyingine zote nimezifuta na kuchora upya. Nilipofika kwenye mabirika mkono ulikataa. Nimekaa na kipanya juu yake siku ya pili sasa. Mimi ndiye niliyesema ni pambo. Mimi ndiye niliyetaka skrini ambayo hanitazami. Nifute mkono wa Mama kwa mkono wangu?

Wewe ndiye uliyezitetea. Sema wewe.

Sindano


17 Aprili

Mdogo wangu, na wewe karani ambaye najua utaisoma hii kabla yake,

“Nifute mkono wa Mama kwa mkono wangu?”

Ni swali zuri na ni la uongo. Linadai kwamba mkono wa Mama umo kwenye vile vijisanduku vya kijivu. Nimepinga gazetini kila aina ya dai bovu, na hili ni bovu hata kama linatoka kwa mtu ninayempenda, na hata kama mimi ndiye niliyelipanda kichwani mwake kwa barua ya Februari.

Mama alichora vibao. Kibao kikipauka alifanya nini? Alikisugua kwa msasa mpaka mbao ikaonekana, akapaka upya. Nilikuwa nikimshikia ngazi. Nilimlilia juu ya kibao kimoja cha kinyozi, kilikuwa na mkasi wa buluu nilioupenda, nikamwomba auache. Aliniuliza kama kinyozi amehama. Nikasema hajahama. Akasema basi watu wanamtafuta, akausugua mkasi mbele yangu, akauchora mwingine mwekundu ulioonekana kutoka kituoni. Ule wa buluu nimeukumbuka mpaka leo. Haujanifikisha kwa kinyozi hata siku moja.

Miezi hii yote nimetetea mabirika kama mtu anayetetea kaburi. Wewe umetetea folda za njano kama mtu anayekimbia kaburi hilo hilo. Na kati yetu alikaa mtu hai, amevaa viatu vyake, hatumwulizi anaona nini. Hilo tu ndilo lililomshughulisha Mama, na sisi watoto wake wawili wenye maneno mengi tulilipita.

Nitaumia, sikatai. Nimejaribu kuikumbuka midomo ya yale mabirika, kama lile la kushoto lilikuwa refu zaidi, na sina hakika tena. Ukiniwekea nakala nitaipokea, na nitaitazama, na chai pembeni kama ulivyonisuta. Lakini hapo dukani mabirika yasikae siku moja zaidi.

Sindano, inuka kwenye kiti hicho. Umekaa juu yake siku mbili, inatosha. Nenda mbele kahudumie wateja, na usigeuke.

Karani, wewe hukumjua Mama na huna machozi ya jambo hili. Kaa wewe. Shika kipanya. Futa mabirika, chora duara, jekundu, lijae mpaka ukingoni. Baba akae kando yako akuambie. Kisha kila mwezi fanya hivyo tena, picha moja baada ya nyingine: usiisogeze, iongeze ukubwa, koza rangi, tupa ile ya zamani hata kama ni ya kwako na unaipenda. Mwulize kila mara, “Mzee, hii unaiona?” Akifikiri kidogo kabla ya kujibu, mwamini. Akisema anaiona upesi mno, usimwamini. Ifanye kubwa zaidi.

Pilipili